Mipaka ya Kabrasha

Lubango, kiti ni chako kuanzia Jumatatu.
Mguu wa nyuma umelegea, usiuamini.
Mengine nimeyaandika hapa,
maana mashine hii haikutajii kikomo chake
mpaka ukigonge kwa kichwa.

Jina: herufi mia mbili hamsini na tano, basi.
Hutazifikia. Mimi nilikaribia mara moja,
Bi Nyanzobe wa Igombe alipokuja kusajili mtumbwi
akataka yote, kama yalivyochorwa ubavuni:
jina la marehemu, deni la injini, shukrani kwa shangazi.
Nikamwambia, mama, hili ni kabrasha, si kanga.
Akacheka. Akafupisha: Wivu Hauna Nyavu.

Mkwaju haupiti ndani ya jina.
Kijana wa Kayenze aliuita wake Dagaa/Sangara,
mashine ikauliza Dagaa yuko wapi
ili imtie Sangara tumboni mwake.
Haijawahi kuliona ziwa, isamehe.

Minza na minza hapa ni wawili.
Kwenye kompyuta ya bosi ni mmoja,
na ukihamisha, mmoja humfunika mwenziwe bila kelele.
Machi yetu nzima ilizama hivyo.

Kabrasha halina wazazi wawili.
Mtumbwi unaoshusha Kayenze alfajiri na Kirumba jioni
uchagulie kwao.
Kule kwingine unaweza kuweka kivuli chake,
ila kivuli hakibebi kilo,
na mwenyewe akiondoka kivuli hubaki pale pale,
jina zima, ukiligusa hakuna mtu.

Sasa kile kilichonilaza ofisini.
Elfu thelathini na moja, mia tisa tisini na nane.
Ilikuwa Alhamisi, umeme umerudi saa tisa,
korongo wanatembea juu ya bati kama wadai,
harufu ya dagaa inapanda ngazi kutoka mwaloni.
Mtumbwi uliofuata ukakataliwa.
Nikauliza, kwa nini si elfu thelathini na mbili kamili?
Nikazitafuta hizo mbili usiku kucha.
Moja ni jina ambalo kabrasha limepewa na mzazi wake.
Moja ni nukta iliyomo ndani yake, maana yake: mimi.
Kisha kila mtoto ana nukta mbili, maana yake: nilikotoka,
na kila mtoto akizitamka
mama hukunja kidole.
Vidole vikiisha, hazai tena.

Bosi akasema, futa waliokufa.
Nikaanza na la kina Bugeraha,
waliotoka na taa zao usiku usio na mwezi.
Mashine ikajibu: kabrasha si tupu.
Ndani mlikuwa na faili moja.
Dagaa, kilo arobaini na moja, bei ya siku ile,
na kosa langu la tahajia kwenye neno "wamepokea".
Amri ya kulazimisha ipo. Naijua.
Katika mwongozo huu sikuiandika.

Nilichofanya ni hiki: niligawa kwa mialo.
Igombe na watoto wake, Luchelele na wake,
Kayenze, Kirumba, kila mmoja na vidole vyake.
Nafasi ikapatikana,
hata ya wasiorudi.
Bosi hajaona tofauti, wala usimwoneshe.

Kuhusu kina, sina hakika.
Siku moja nilishuka, kabrasha ndani ya kabrasha,
kila moja nikaliita chini,
chini, chini, chini,
mpaka ikaniambia njia ni ndefu mno.
Nikaingia mle nilimofika, nikasahau nilikotoka,
nikaanza kuhesabu upya kutoka pale.
Ikakubali tena.
Nikazima. Nilikuwa peke yangu, na gugumaji
lilikuwa limeziba gati lote, kijani, kimya,
hujui maji yanaanzia wapi.

Namba hiyo nimeiacha wazi.
Ukiipata, iandike hapa chini, kwa kalamu ya wino: